Kinyongo cha Droni

"Usiniletee habari za upepo," alisema fundi. "Ndani ya ghala upepo unatoka wapi? Sema ni vidole vyako."

"Mama, kwa heshima zote, vidole vyangu havikuwa hata kwenye rimoti," mkwe wake alijibu. "Niliiambia isimame yenyewe. Ikasimama. Halafu ikaondoka."

"Ikaondoka kwenda kumkata mke wako kichwa."

"Haikumkata kichwa. Ilikata kilemba."

"Na kilemba kilikuwa wapi, mkwe wangu? Kwenye kamba ya nguo?"

Mkwe aliangalia pembeni. Walikuwa wanagombana tangu getini. Waligombana mlinzi alipokuwa akipekua begi la vifaa, wakagombana njia nzima katikati ya rafu ndefu za maboksi ya mashati, na sasa walikuwa wamesimama mbele ya meza ya droni, kilemba kikiwa kimelazwa katikati yao kama maiti. Kilikuwa na mkato mmoja mrefu, safi, kana kwamba kimekatwa kwa wembe.

Fundi hakuwa ameitwa. Binti yake alirudi nyumbani jana kichwa wazi, akasema "hamna kitu mama, ni droni tu," na asubuhi mama mtu akafunga karakana yake, akabeba begi, akaja. Alikuwa na stashahada ya elektroniki na karakana ya kutengeneza droni za wapima ardhi, za wapiga dawa mashambani na za wapiga picha za harusi. Mkwe wake aliifahamu kazi hiyo kwa kukaa karakanani humo wakati anaposa. Kiwandani walimwita Rubani, na kazi yake ilikuwa kuirusha droni kati ya rafu ili isome lebo za maboksi ya juu ambayo watu walikuwa hawapendi kuyapandia ngazi.

Droni yenyewe ilikuwa na ukubwa wa sinia, mikono minne, panga moja la kuzunguka kila mkono. Karibu na mlango wa ghala palikuwa na mkeka wake wa plastiki, wenye miraba myeusi na myeupe. Kamera ya tumboni ikiuona mkeka huo, droni inajua imefika. Kwenye skrini mkeka uliandikwa Nyumbani.

"Irushe," alisema fundi. "Na mikono uinyanyue juu niione."

Rubani aliirusha, akaisimamisha katikati ya njia, usawa wa kichwa, akanyanyua mikono kama mtu aliyekamatwa. Droni ilitulia kidogo. Kisha ikaanza kwenda upande wa ukuta wa nyuma, polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba alikuwa ameagizwa mahali. Ilipita juu ya meza za wafungaji. Wanawake waliokuwa wakikunja mashati waliinamisha vichwa bila kuacha kukunja, wakaviinua ilipopita. Ilifika juu ya meza ya mwisho, iliyokuwa imegusana na ukuta, ikasimama hapo, ikitazama rangi nyeupe.

Meza ya mwisho ilikuwa ya binti yake. Leo alivaa kilemba kingine, na alikuwa amekibana kwa pini pande zote.

"Shikamoo mama," alisema binti, mikono ikiwa ndani ya shati. "Usipige kelele, kuna watu."

"Marahaba. Sijaanza kupiga kelele."

Fundi alianza na vitu vidogo, kwa sababu matatizo mengi ni madogo na watu hupenda kuyakuza. Aliyatoa mapanga manne, akapitisha ukucha kwenye makali yake, akaona moja lina meno, akayatupa yote na kufunga mapya. Akakaza skrubu za mikono. Akaisukuma betri mbele kidogo, kwani betri iliyokaa vibaya hufanya droni iiname kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Akaiweka mezani, akaweka pima maji juu yake, akaifundisha upya maana ya kulala sawa: chali, kifudifudi, ubavu huu, ubavu ule, kichwa chini, kichwa juu. Akaibeba nje uani, mbali na vyuma vya rafu, akaizungusha mikononi mpaka dira yake ilipokubali kaskazini ni wapi.

Huko uani ilisimama hewani kama picha iliyopigiliwa msumari. Fundi aliizunguka, akaipitishia mkono chini, akaisukuma kwa kidole. Ilirudi pale pale.

Waliiingiza ndani. Ikatulia, ikakumbuka, ikaenda ukutani.

"Vidole vyangu," alisema Rubani taratibu, mikono bado juu.

"Nyamaza kwanza."

Alifungua kompyuta akaenda kwenye namba tatu zinazoongoza utulivu wa droni. Karakanani kwake namba hizo tatu zilikuwa na majina yake. Ya kwanza waliiita Hasira: droni ikisukumwa, inajibu kwa nguvu kiasi gani. Ya tatu waliiita Breki. Ya katikati waliiita Kinyongo, yaani droni inalibeba kosa la zamani kwa muda gani kabla ya kulisamehe. Kinyongo kikiwa kidogo, droni inasukumwa kidogo kidogo na kila mara inaona ni jambo jipya, haileti ubishi, inahama. Kinyongo kikizidi, inakumbuka kila ilichofanyiwa, inatikisika hewani kwa uchungu mpaka inaanguka. Ufundi wote ulikuwa hapo katikati, na fundi alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba hata ndoa ni hivyo hivyo, wakacheka, naye hakuwa anatania.

Alikiongeza Kinyongo kidogo. Droni ilikwenda ukutani kwa shida zaidi. Akakiongeza tena. Ilisita njiani. Akakiongeza mara nyingine, nayo ikasimama katikati ya njia, ikiunguruma kwa sauti nzito kuliko kawaida.

"Hiyo imesimama," Rubani alisema, na uso wake ukafunguka.

Fundi alifumba jicho moja. "Imeinama."

"Lakini imesimama, mama."

"Umeshawahi kusimama mlangoni mwa basi watu wote wakitaka kushuka? Ulisimamaje?"

Rubani alifikiri, akaegemeza mwili nyuma.

"Ndiyo hivyo," alisema fundi. Aliishusha, akagusa mota moja moja kwa mgongo wa kidole. Mbili za upande wa ukuta zilikuwa za moto. Mbili nyingine vuguvugu. Akapuliza kidole. "Mashine ni nzima. Dira ni nzima. Kuna kitu kinaisukuma kwenda kule, nayo inakataa."

"Upepo," alisema Rubani.

"Nimekwambia nyamaza."

Lakini alikuwa tayari ameuona. Mchana ulikuwa umeanza kulegea na jua lilikuwa linaingia kwa vioo vya juu, na ndani ya mwanga ule vumbi la pamba lilikuwa linasafiri. Halikuwa linaanguka kama vumbi la mahali pengine. Lilikuwa linatembea, ghala zima, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kuelekea ukuta wa nyuma, na lilipofika ukutani halikurundikana. Liliingia. Alitazama meza za wafungaji kwa macho mapya. Karatasi zote za upande ule zilikuwa zimelaliwa na pasi. Vilemba vyote vilikuwa vimebanwa. Mama mmoja, waliyemwita Pini kwa sababu daima alikuwa na pini mbili mdomoni, alikuwa ameufunga ufagio kwenye mguu wa meza kwa kamba.

Fundi alikata uzi kutoka rili iliyokuwa mezani, akaufunga kwenye ncha ya rula, akaenda nao ukutani. Uzi ulinyooka mbele, ukalala hewani kama bendera, ncha yake ikazama kwenye rangi nyeupe. Alipousogeza kushoto ulifika mahali ukadondoka. Akaweka alama kwa chaki ya kukatia nguo. Kulia hivyo hivyo. Juu alimpa Rubani, kwa kuwa ni mrefu. Walipomaliza kuunganisha alama, ukutani palikuwa na mlango wa milango miwili, mrefu kuliko mtu, mpana kiasi cha watu wanne kupita bila kugusana. Katikati, usawa wa kiuno, uzi ulikuwa unatetemeka mahali ambapo mkono ungeshika.

"Huo ni mlango," alisema Pini, bila kutoa pini mdomoni.

"Naona," alisema fundi.

"Upo siku zote. Mzuri. Unaleta ubaridi."

"Na nafasi hii nimeipata kwa shida," binti aliongeza. "Nilianzia kule mbele, kwenye moshi wa malori. Nimehama meza kwa meza mpaka hapa. Hapa mtu unafanya kazi hadi saa ya kutoka na hujaloa jasho."

Meneja alikuja kwa sababu alisikia hakuna anayekunja. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kabla ya kuuliza swali.

"Nani amechora ukuta wangu?"

"Mimi," alisema fundi. "Hapa kulikuwa na mlango wa dharura."

"Kulikuwa. Ulikuwa unavuja."

"Unavuja nini?"

"Mashati. Mtu anatoka na moja ndani ya blauzi, mwingine mawili. Tukajenga tofali, tukabaki na mlango mmoja na mlinzi mmoja. Hesabu zikakaa sawa."

"Halafu moto ukaja."

"Halafu moto ukaja," meneja alikubali. "Ikabidi tupige plasta upya. Ukuta ulikuwa mweusi vibaya."

Fundi aliukumbuka moto ule redioni. Alikuwa anakaanga vitunguu. Msomaji wa habari alisema mlango wa mbele ulikuwa wazi na wafanyakazi wengi walitoka salama, na waliokufa walikuwa wamerudi ndani kuchukua mikoba yao. Alisema hivyo mara mbili, mwanzo wa habari na mwishoni. Fundi alikumbuka pia jinsi yeye mwenyewe alivyotikisa kichwa juu ya kikaango akasema, jamani, wanawake na mikoba.

"Fungua mlango," alimwambia meneja.

"Ukuta haujaleta shida yoyote."

"Upepo unapita ndani ya tofali."

"Upepo haujawahi kulalamikiwa. Waulize." Meneja alivaa miwani. "Mimi nilichoomba ni droni itulie. Kesho wanunuzi wanakuja, nataka waione imesimama hewani, imetulia, wapige picha. Imetulia?"

"Imetulia," alisema Rubani haraka, akairusha tena, nayo ikasimama katikati ya njia.

"Basi kazi imekwisha, na asante mama kwa kuja." Akamwita mfagiaji aje na kitambaa kibichi, akarudi ofisini. Mfagiaji alianza juu, akashuka, na mlango wa chaki ukafutika upande mmoja kisha mwingine. Sehemu ya kushikia mlango ilimchukua muda, kitambaa kilikuwa kinavutwa.

Kengele ya kutoka ililia. Wafungaji walizima pasi, wakachukua mikoba yao ya nailoni ya kuonyesha, kwa maana sheria ya kiwanda ilikuwa kwamba mkoba wa mfanyakazi uonyeshe kila kitu kilichomo, hata kitana. Wakapanga foleni kwenye mlango wa mbele. Mlinzi alikuwa anapekua mmoja mmoja, bila haraka, na foleni ilijikunja mara mbili kati ya rafu. Binti peke yake alibaki mezani, akimalizia boksi.

Kutoka upande mwingine wa rafu wakaja wengine. Walikuwa wamevaa aproni za rangi ya zamani, ile ya buluu, ambayo kiwanda kiliiacha. Walitembea kwa kuchoka, kama mtu yeyote wa mwisho wa zamu, wakizungumza chini kwa chini, na wakaenda kupanga foleni kwenye ukuta wa nyuma. Mfagiaji aliinua ndoo yake awapishe.

"Samahani, dada."

"Bila samahani."

"Ni wa zamu ile," Rubani alimweleza mama mkwe wake. "Huwa hawakai sana. Ukiwasha taa kubwa wanakuwa wameshaondoka."

Fundi alisogea mpaka kwa yule wa mwisho kwenye foleni, mwanamke wa makamo kama yeye, mwenye sindano yenye uzi imechomekwa kifuani mwa aproni. Begani alikuwa na mkoba wa kitambaa, wa zamani, ule usioonyesha.

"Habari za kazi, mwenzangu."

"Njema. Kazi imekwisha, tunataka kwenda tu."

"Redioni walisema mlirudi kuchukua mikoba."

Mwanamke aliutazama mkoba wake, akaupiga kofi dogo kama mtu anayempiga mtoto mgongoni kumlaza. "Mikoba tulikuwa nayo. Tulikuwa hapa hapa, kwenye foleni. Mpaka leo hatujaondoka kwenye foleni."

"Mnasubiri nini?"

"Wafungue. Yule wa mbele anagonga."

Ni kweli, mbele kabisa kulikuwa na mtu anagonga tofali kwa kidole kilichokunjwa. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga kwa adabu, akanyamaza kusikiliza, akagonga tena, kama mtu aliye nje ya ofisi ya mkubwa. Vumbi la pamba lilimpita kila upande wa kichwa likaingia ndani. Mwanga wa juu ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Droni ilikuwa bado hewani katikati ya njia, imeinama, inaunguruma, inapigana.

Yule mwanamke wa mwisho alimtazama binti, aliyekuwa anabandika utepe kwenye boksi, kiwiko chake kikiwa karibu kugusa aproni za buluu.

"Huyu ni wa kwako?"

"Wa kwangu."

"Yuko karibu sana na sisi," alisema mwanamke.

Fundi aligeuka, akaweka rula mfukoni.

"Shika upande ule," alimwambia Rubani.

"Upande upi?"

"Wa meza. Nyanyua."

"Mama!" binti aliruka na utepe mkononi. "Mama, unafanya nini? Nimekwambia nafasi hii nimeipata kwa shida!"

"Unahama."

"Kwenda wapi?"

"Mlangoni. Ule unaofunguka."

"Kule kuna moshi! Kuna jua! Kule wanawekwa wapya!"

"Utakohoa. Kukohoa kunatibika."

Rubani alikuwa tayari amenyanyua upande wake, kwa kuwa kati ya mke na mama mkwe alijua nani ana mkono mzito. Waliiburura meza urefu wote wa ghala, miguu ikilia juu ya saruji, mashati yakidondoka njiani, binti akifuata nyuma akiyaokota na kulalamika. Foleni ya walio hai ilifunguka ikawapitisha. Waliisukuma mpaka ikagusa fremu ya mlango, karibu na kiti cha mlinzi, mahali ambapo mtu angeweza kuruka nje kabla hajamaliza kupiga kelele.

"Na wenzangu?" binti aliuliza. Sasa alikuwa ameshusha sauti. "Mama, na wenzangu?"

"Wenzako wana mama zao," alisema fundi. Alilisikia neno hilo lilivyotoka, na halikumpendeza, lakini hakulirudisha.

Kabla hajamaliza kufuta mikono, Pini alikuwa ametoka kwenye foleni ya kupekuliwa na kupoteza nafasi yake, akakimbia mpaka ukuta wa nyuma na kuweka pasi yake sakafuni, pale meza ilipokuwa. Mwenzake mmoja alimfuata akaweka kiti. Wakaanza kusemezana kuhusu nani amekaa kiwandani muda mrefu zaidi, na nani alistahili ubaridi. Wale wa aproni za buluu waliwapisha kidogo.

Fundi aliinama karibu na mlango, akaukunja mkeka wa miraba, akautia kwapani. Alirudi nao nyuma, akapita kati ya pasi na kiti, akautandika chini ya ukuta, mwisho wa foleni, akaulainisha kwa kiganja. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta Kinyongo, akakirudisha kilipokuwa.

"Meneja alitaka isimame," Rubani alinong'ona.

"Itasimama. Ondoa mikono."

Akabonyeza Nyumbani.

Mngurumo mzito ulikatika. Droni ilinyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, ikaanza kwenda na vumbi, katikati ya mwanga wa chai, juu ya meza zilizozimwa, bila kuyumba kushoto wala kulia. Ilifika juu ya mkeka, ikashuka taratibu, ikatua. Mapanga yakazunguka mara za mwisho yakanyamaza. Mwanamke wa mwisho aliusogeza mkoba wake wa kitambaa ili kuipa nafasi nyuma yake.

"Haihami tena," alisema Rubani.

"Haihami," alisema fundi.

Alifunga begi la vifaa, akaenda kwenye mlango wa mbele, akajipanga nyuma ya binti yake aliyekuwa amenuna. Zamu yao ilipofika alilifungua begi wazi, akalinyanyua, na mlinzi akaingiza mkono ndani akapekua mpaka chini.